Baba Muislamu, mama Mkatoliki: "mtoto ataamua mwenyewe akifika 18" inawezekana kweli?

#1 Mchokonozi
Wakuu salaam. Hoja yangu fupi, mawe ruksa. Ndoa za mseto zimejaa mjini. Baba Muislamu, mama Mkatoliki, wamefunga bomani, mtoto kafika miaka 6 na kila ukoo unamvuta kwake. Mimi nasema mzazi asimpe mtoto dini yoyote mpaka afike 18. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Hapigi kura, hafungi mkataba, iweje afungwe kwenye imani? Afundishwe ukweli, usafi, kazi na heshima. Dini atajitafutia mwenyewe, kama atakavyojitafutia mchumba.

Wenye fiqhi (sheria za Kiislamu), katekesi na sheria za nchi karibuni. Matusi hapana.

#2 Kiti cha Mbele
Nimekaa hapa na karanga zangu.

#3 Ustadhi wa Juzuu
Mchokonozi, kwetu hakuna nafasi tupu ya miaka 18. Mtoto akizaliwa anaadhiniwa sikio la kulia. Siku ya 7 ni akika, mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike, nywele zinanyolewa na inatolewa sadaka ya fedha kwa uzito wa nywele hizo. Miaka 7 anaanza kuamrishwa swala. Baleghe huingia kwa ndoto au hedhi, na kwa madhehebu ya Shafi, dalili zisipoonekana, ni kutimiza miaka 15. Tena hiyo ni miaka ya Hijra, inayofuata mwezi na ni mifupi, kwa hiyo kwa kalenda ya ukutani inafika mapema zaidi. Kuanzia hapo anaandikiwa mema na mabaya yake. Ukimngoja mpaka 18 unamkabidhi deni la zaidi ya miaka mitatu, rakaa 17 kila siku, na Alhamdu yenyewe haijui.

Halafu katika fiqhi, mmoja wa wazazi akiwa Muislamu mtoto anahesabiwa Muislamu. Hasubiri kuandikishwa popote.

#4 Katekista Mstaafu
Tumsifu Yesu Kristo. Upande wa pili nao hausubiri. Kanuni 867 ya sheria ya Kanisa Katoliki inawataka wazazi wabatize ndani ya majuma ya kwanza. Na katika ndoa ya mseto, kanuni 1125 inamtaka upande Mkatoliki aahidi kufanya yote yaliyo katika uwezo wake ili watoto wote wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mwenzake anafahamishwa tu juu ya ahadi hiyo, hasaini. Hapa watu wengi wanakosea, wanadhani paroko atamsainisha Muislamu. Sharti la kumtaka asiye Mkatoliki aahidi liliondolewa mwaka 1970.

Soma vizuri maneno "yaliyo katika uwezo wake". Ahadi haimwambii mama avunje ndoa.

#5 Mchokonozi
Kwa hiyo Ustadhi anasema mtoto ni wake tangu kuzaliwa, na Katekista anasema ameshaahidiwa kabla hajatungwa mimba. Mnanisaidia hoja bila kujua.

#6 Wakili wa Mtaani
Niweke sheria mezani.

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009 ni ya Bara, Zanzibar wana yao ya 2011. Hiyo 18 ni tafsiri ya neno "mtoto", haimzuii mzazi kumlea katika dini. Katiba ibara ya 19 inalinda uhuru wa kuamini na kuabudu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unagusa suala lenyewe katika ibara ya 14: mtoto ana uhuru wa imani, na wazazi wana haki na wajibu wa kumwongoza kadiri uwezo wake unavyokua. Hayo maneno ya mwisho ndiyo kiini. Mwongozo wa mtoto wa miaka 5 hauwezi kuwa sawa na wa kijana wa 15.

Wakitengana, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 125 inatanguliza maslahi ya mtoto. Mahakama inatazama matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kutoa maoni, na mila za jamii yake. Ipo dhana kwamba aliye chini ya miaka 7 ni vema awe kwa mama, ingawa inaweza kupingwa kwa ushahidi. Hakuna mahali panaposema dini ya baba inashinda.

#7 Bintipwani
Nyote mwazungumza vitabu. Nawaletea saa.

Huku Mombasa chuo huwa jioni baada ya skuli, na wa zamani hufunga Alhamisi jioni na Ijumaa. Bara nasikia madrasa nyingi ni Jumamosi na Jumapili asubuhi. Jumapili asubuhi! Wazazi wakikubaliana "apate kote kote", mtoto mmoja atakaaje sehemu mbili saa tatu ile ile? Lazima mmoja aachie, na mara nyingi huachia yule aliye kazini au aliyelala. Mtoto hufuata dini ya anayemwamsha, anayemtafutia kofia au soksi, anayempeleka na kumngoja. Fiqhi na kanuni zaja nyuma.

#8 Bwenini Kumenoga
Bintipwani umesema kweli mpaka darasa la saba tu. Akiingia kidato cha kwanza bweni, vyama vya dini vya wanafunzi, UKWATA, TYCS, CASFETA na TAMSYA, vitamgawana wiki ya kwanza. Anayemwamsha sasa ni kiranja.

Na yule "asiye na dini" wa Mchokonozi ndiye rahisi kuliko wote. Hata shule ya msingi, kipindi cha dini kikifika darasa linagawanyika, hawa chumba hiki, wale chumba kile. Asiye na chumba ama anabaki nje anarusha mawe kwenye mwembe, ama anamfuata rafiki yake wa dawati. Sasa dini kachaguliwa na rafiki wa dawati.

#9 Sina Upande
Hilo ni tatizo la ratiba ya shule, si la mtoto. Kulea bila dini kunawezekana ila kuna kazi yake, hakuishii kwenye kunyamaza. Andaeni mambo manne mapema. Jina lisiloegemea upande, tena Kiswahili kinayo tele: Neema, Furaha, Tumaini, Zawadi. Barua kwa mwalimu mkuu kwamba kipindi cha dini mtoto akae maktaba na kitabu. Majibu ya maswali ya kifo, maana yatakuja akiwa na miaka 4 au 5, siku kuku akichinjwa au babu akifariki. La nne mnalolikwepa ni msiba: mtoto akifa, nani anazika na kwa taratibu zipi? Andikeni, wazazi wote wawili mtie saini, nakala abaki nayo mtu mmoja kila upande. Bila karatasi koo mbili zitavutana mbele ya jeneza.

#10 Kiti cha Mbele
Neema lisiloegemea upande? Muulize bibi yake Neema.

#11 Katekista Mstaafu
Sina Upande, jina la Neema limo hata kwenye vitabu vyetu vya ubatizo.

Niseme jambo ambalo hakuna aliyeligusa, nalo ndilo linaloleta ugomvi mwingi: likizo ya Desemba kwa bibi. Wazazi wamekubaliana wasubiri, mtoto anapelekwa kijijini wiki tatu, anarudi amebatizwa. Au upande wa pili, anarudi ametahiriwa na kupewa jina jipya.

Kwa upande wetu, ubatizo wa siri una sura mbili na watu wanazichanganya. Je, ni batili? Hapana, kama maji halisi yalimwagwa kichwani yakatiririka, yakasemwa "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu", na aliyefanya alikusudia kufanya lifanywalo na Kanisa. Je, ni halali? La. Kanuni 868 inataka mzazi, walau mmoja, akubali, na liwepo tumaini la msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani. Mtu yeyote anaweza kubatiza pale penye dharura, lakini mafua ya likizo si hatari ya kifo. Kwa hiyo bibi ametenda lisiloruhusiwa na limeshika. Halirudiwi. Paroko aarifiwe, aandike kitabuni tarehe, aliyebatiza na shahidi. Lisipoandikwa, miaka 20 baadaye kijana anataka ndoa, cheti hakuna, na bibi hayupo duniani wa kuulizwa.

#12 Mchokonozi
"Limeshika." Kama gundi.

#13 Ustadhi wa Juzuu
Kwetu maji ya bibi hayabadilishi kitu. Mtoto asiyebaleghe anabaki kumfuata mzazi Muislamu. Ila Katekista kasema kweli juu ya bibi, na hata babu zetu wanafanya. Kumtahiri mtoto mama yake hana habari kunaharibu zaidi ya kunavyojenga. Mama akishaona damu bila kuambiwa, madrasa atailaani maisha yake yote.

Nimjibu Mchokonozi kuhusu kulazimisha. Hadithi ya Abu Daud inasema waamrisheni swala wakiwa na miaka 7, wapigeni wakiwa na 10, na muwatenganishe malazi. Watu wanairukia 10 kama vile 7 haikutajwa. Kati ya hapo kuna miaka mitatu ya kuambiwa: swala 5 mara siku 365 mara 3, jumla 5,475. Asiyemwita mwanawe mara 5,475 hana haki ya kuitaja fimbo. Na waliokubali kupiga wameweka masharti: isiwe usoni, isiache alama, isiwe ya hasira.

#14 Hesabu Darasa la Nne
Ustadhi, bandiko #3 ulitupeleka kalenda ya Hijra, #13 umetupeleka ya ukutani. Mwaka wa Hijra una siku 354. 354 × 5 × 3 = 5,310. Umewaongezea watoto wa watu swala 165.

#15 Ustadhi wa Juzuu
Nimekubali. Hizo 165 zihesabiwe sunna.

#16 Wakili wa Mtaani
Kuhusu fimbo, kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto kinakataza adhabu ya kikatili na kinasema marekebisho yasizidi kiasi kwa umri na hali ya mtoto. Kama kwa udogo wake haelewi kwa nini anarekebishwa, basi hayakubaliki. Hii inamhusu mwalimu wa madrasa, wa Sunday school na mzazi. Kusema "ni ya dini" si utetezi.

#17 Mama Kipaimara
Mimi upande wa KKKT, Walutheri. Mnaongea kama vile mtoto akifikishwa mlangoni kazi imekwisha. Ndani kuna nini?

Shule ya Jumapili inayofanya kazi ina makundi walau matatu: wasiojua kusoma, wanaojua kusoma, na wa kuelekea kipaimara. Kipindi kisizidi dakika 40. Wimbo, kisa kimoja, swali moja, tendo moja la kufanya wiki hiyo. Inayokufa ni ile ya watoto 80, miaka 3 mpaka 13, mwalimu mmoja binti wa kwaya, wanaimba mpaka ibada ya wakubwa iishe. Mtoto wa miaka 11 hapo anajifunza jambo moja: dini ni ya watoto wadogo. Akifika 14 anakuja kipaimara, sharika nyingi ni mafundisho ya miaka miwili, anakariri Katekisimu Ndogo, anashonewa suti, picha, keki. Jumapili inayofuata humwoni.

#18 Bwenini Kumenoga
Kipaimara ni mahafali. Mtu akishahitimu arudi shule kufanya nini?

#19 Bintipwani
Na chuoni ni hivyo hivyo, tusijifiche. Mpango wenyewe mzuri: herufi 28, kisha irabu, kisha kuunganisha, kisha Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ya Qur'ani, sura 37, kuanzia Nnasi kupanda. Mbovu ni mahali pa kuruka. Mwalimu akiona mtoto ana sikio zuri humsomesha kwa kusikiliza, mtoto ahifadhi sura kumi na mbili, mzazi afurahi, herufi hajui. Ukimfunulia msahafu katikati akwambia "hapa sijafika". Kipimo rahisi: muonyeshe neno ambalo hajapata kulisoma. Akishindwa, rudi kwenye irabu, usisonge mbele. Na maana? Sura fupi kama Ikhlas ina aya 4. Dakika tano za Kiswahili zatosha, lakini wangapi hufanya?

Wenye watoto wadogo, kuna mfano uliokwisha kujaribiwa: shule za awali za madrasa zilizoanzia hapa Mombasa mwaka 1986 kwa msaada wa Aga Khan, zikaenda Zanzibar na Uganda. Qur'ani, kusoma, hesabu na michezo chini ya paa moja, vifaa vya vifuu na vizibo. Mtoto hachoki kwa kwenda skuli mbili.

#20 Mbongo wa Köln
Mchokonozi, nchi yenye unachokitaka ipo, ila haikuweka 18. Ujerumani sheria ni ya 1921: kuanzia miaka 10 lazima asikilizwe mahakama ikiamua ugomvi wa wazazi juu ya dini yake, kuanzia 12 hahamishwi dini kinyume cha matakwa yake, na akitimiza 14 anaamua mwenyewe.

Na huku kubatiza kuna hesabu. Mtoto akibatizwa Mkatoliki au Mlutheri anaingia kwenye orodha ya kanisa, na siku akianza kulipa kodi ya mapato anakatwa kodi ya kanisa. Ni asilimia 9 ya ile kodi (si ya mshahara, wengi wanakosea hapo), Bayern na Baden-Württemberg ni 8. Kujitoa unaenda mahakama ya mwanzo na kitambulisho, hapa Köln ada euro 30. Bibi akibatiza kwa siri huku, kambatizia mjukuu na makato.

Tohara nayo, mwaka 2012 mahakama ya hapa Köln ilisema kumtahiri mtoto kwa sababu ya dini ni kumjeruhi. Kukawa na zogo nchi nzima, Desemba mwaka huo huo bunge likapitisha sheria ya kuiruhusu kwa masharti ya kitabibu.

#21 Kiti cha Mbele
Karanga zimeisha, naagiza korosho.

#22 Mwana Lubumbashi
Jambo bandugu. Huku kwetu serikali ilizitwaa shule za makanisa mwaka 1974, ikazirudisha kwa mkataba mwaka 1977: Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu (kanisa la Simon Kimbangu), baadaye na Waislamu. Kwa hiyo mzazi wa Congo anachagua shule kwa karo na umbali, na dini inakuja ndani ya mfuko wa daftari. Baba Mkimbangu, mtoto anasali rozari kwa masista, hakuna anayeshangaa. Na Wakimbangu hawabatizi kwa maji, hivyo yale maji ya bibi ya bandiko #11 kwao hayana nafasi.

#23 Sina Upande
Mwana Lubumbashi kaleta jambo. Kumbe tunachoita "imani ya mtoto" mara nyingi ni umbali wa shule.

#24 Wakili wa Mtaani
Kuna mtu kaniuliza pembeni kuhusu mirathi, nijibu hapa. Baba Muislamu akifa na mirathi ikagawanywa Kiislamu, mtoto aliyekuwa Mkristo hapati fungu. Kinachofanyika ni mambo mawili, yote baba akiwa hai. Moja, wasia, ambao hauzidi theluthi moja, na mirathi ya Kiislamu inauruhusu kwa asiye mrithi. Mbili, hiba: unampa sasa, unamkabidhi kweli, kiwanja kihamishwe jina. Hiba inavunjika mahakamani kwa sababu moja kubwa, baba "kampa" mtoto nyumba na akaendelea kupokea kodi ya wapangaji mpaka kufa.

Wazazi wa ndoa ya mseto wanabishana juu ya ubatizo miaka kumi, na hili hawaligusi hata siku moja.

#25 Ustadhi wa Juzuu
Sahihi. Niongeze tu: kama alikuwa mdogo, hajabaleghe, na baba Muislamu, kwetu huyo ni mrithi hata kama bibi alimwagia pipa zima. Ugomvi unaanza akishabaleghe na kushikilia Ukristo.

#26 Katekista Mstaafu
Ndipo vitabu viwili vinapomdai mtoto mmoja. Cha kwangu kina jina lake na tarehe, chako hakihitaji kuandikwa.

Jambo dogo la vitendo kwa wanaobatiza: msimamizi awe Mkatoliki, ametimiza miaka 16, ana Kipaimara, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Mjomba Muislamu hawezi. Mweleze mapema, siyo siku ya Misa amesimama na mshumaa mkononi.

#27 Kiti cha Mbele
Mjomba ni wa pilau, hata bila mshumaa.

#28 Bwenini Kumenoga
Pilau achinje nani? Tumerudi mwanzo.

#29 Bintipwani
Achinje Muislamu, wote mtakula. Hilo pwani lilikwisha zamani.

#30 Mchokonozi
Nimesoma yote. Umri wa 18 nimeulegeza, 14 ya Wajerumani naitamani. Lakini Bintipwani hujanijibu: kama mtoto hufuata anayemwamsha, na baba na mama wote wanatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, anayemwamsha ni dada wa kazi. Yeye ni Msabato. Mtoto Jumamosi anaimba nyimbo za Kisabato jikoni. Huyo tumwandike kitabu gani?

#31 Mama Kipaimara
Na Jumamosi hiyo nani anafua?

#32 Bintipwani
Mchokonozi, kwanza muulize dada mshahara wake walipwa lini. Kisha tuendelee.